Simba Juu ya Magunia ya Pamba

Wasomaji watukufu, sikilizeni jinsi mwanahistoria mkubwa alivyozaliwa katika darasa la sita, shule moja nje kidogo ya mji wa Bariadi. Mwanahistoria huyo ni mimi, Machibya. Ukubwa wangu ulidumu kuanzia Jumatatu hadi Jumatano.

Mwaka ule muhtasari mpya ulifika bila vitabu. Historia, Jiografia na Uraia viliunganishwa kuwa Maarifa ya Jamii, na Mwalimu Milembe akabaki na chaki tu. Akatutuma tukaulize nyumbani wazee waliuzaje pamba zamani, kabla ya hawa wanunuzi binafsi waliokuwa wakipishana na magari yao barabarani.

"Habari za vijiweni si historia," Mwalimu Mkuu Thomasi alimwambia pale mlangoni, sote tukisikia. "Jumatano nitakuja kusikiliza. Nisiporidhika, unarudi kwenye notsi za zamani."

Mimi nilitakiwa kumuuliza bibi yangu, Nyanjige. Lakini bibi akianza kusimulia hasimami, na mpira ulikuwa unaanza. Basi nikatunga. Jumatatu, mbele ya darasa, nilimpa marehemu babu Masele mkokoteni wa ng'ombe wengi, akasomba pamba ya kijiji kizima, simba akiwa amelala juu ya magunia.

"Simba alikuwa anafanya nini?" Jenifer, jirani yangu wa dawati, alininong'oneza.

"Analinda."

"Nauli alilipa?"

Mwalimu Milembe alikuwa na haraka ya Jumatano. Aliandika yote ubaoni, darasa likanakili.

Jumatano niliingia darasani nikamkuta bibi ameketi kwenye kiti cha mwalimu. Mwalimu alikuwa amemwalika kimyakimya ili aongezee. Mwalimu Mkuu alisimama nyuma yetu, mikono mgongoni.

"Mwangaluka, mayu," Mwalimu Milembe alimwamkia bibi kwa Kisukuma, kisha akatuamuru tusome yaliyokuwa ubaoni. Tukasoma kwa sauti moja, mimi nikifungua mdomo tu.

"Mkokoteni?" bibi aliuliza tulipomaliza. "Hatukuwa na ng'ombe hata mmoja. Masele alikuwa anaumwa mguu. Pamba niliibeba mimi, kichwani, baba yake Machibya akiwa mgongoni. Nikifika ghalani, shingo haigeuki."

Mwalimu Mkuu alikohoa. "Ndiyo historia yako mpya hii, Mwalimu? Kesho turudi kwenye notsi."

Mwalimu Milembe alinamisha kichwa, chaki ikimvunjikia mkononi. Bibi alikuwa bado anajishika shingo. Nikasimama kabla miguu haijabadili mawazo.

"Mwalimu Mkuu, kosa si la Mwalimu. Sikumuuliza bibi. Nilitunga."

Darasa zima likanigeukia. Bibi alishusha mkono shingoni, akanitazama, na hilo lilikuwa baya kuliko fimbo.

"Umempa babu yako mkokoteni," Mwalimu Milembe alisema polepole, "ukamnyang'anya bibi yako mzigo alioubeba. Ukidanganya kuhusu yaliyopita, unawafuta watu walioyaishi. Na mimi nimekosea. Niliandika kabla ya kuhakikisha."

Mwalimu Mkuu alikaa kwenye dawati la nyuma, magoti yakigota mbao. "Endelea, mama," alimwambia bibi. "Ghala lenyewe lilikuwa wapi? Notsi zitasubiri."

Nilipewa dasta nifute, kisha niandike anayosema bibi. Nilifuta mkokoteni, nikafuta ng'ombe wote. Pembeni nikaacha sentensi moja fupi.

"Machibya," Mwalimu Milembe aliita bila kugeuka. "Na simba?"

Nikainua dasta. "Hakuwepo, Mwalimu. Na yeye nilimtunga."