Kinachovuka Mpaka

Avoka lililoanguka uani kwa Adolphine asubuhi ile lilikuwa limeng'atwa. Si panya, maana panya hana adabu ya kung'ata mara moja na kuacha. Ilikuwa alama ya meno ya mtoto, madogo, yaliyopangana vizuri, bila pengo.

"Nsimire! Ni weye uliuma hii avoka?"

Binti yake alikuja akafungua kinywa wazi. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, na mapya hayajaota.

"Haiko miye, mama. Ni ule mwengine."

"Mwengine gani?"

"Mwenye anaishi mu lupango."

Adolphine alicheka. Watoto wa mtaa wa Cimpunda husema mengi, ukiwasikiliza wote ugali hautaiva. Akakata palipong'atwa, akatupa, akala pande lililobaki kwa chumvi.

Mti wenyewe wa parachichi ulikuwa na historia ya matusi. Uliota katikati kabisa ya ua wa miti, ule lupango uliotenga kiwanja chake na cha mama Agathe, mjane aliyeuza sombe, majani ya muhogo, soko la Kadutu. Matawi yaliinamia kwa Adolphine, mizizi ikapasua ukuta wa jiko la Agathe. Mmoja alivuna bila kuumia, mwingine aliumia bila kuvuna, na kwa ajili hiyo wanawake wale walikuwa hawasalimiani hata wakitoka misa moja. Modeste, mume wa Adolphine, angeweza kuamua, lakini alikuwa Kamituga akichimbua dhahabu, na mwanamke ambaye mume wake yuko mbali hupenda kusema kwa sauti kubwa ili asionekane mnyonge.

Wiki iliyotangulia, siku ya Salongo, wakati mtaa mzima ulikuwa nje na mapanga na majembe kusafisha, mkubwa wa avenue, barabara yao, alisimama mbele ya ua ule. Serikali ilikuwa imemtaka ajipe jina la mababu badala ya la kizungu, naye alijipa refu mno, hivyo nyuma ya mgongo wake watu waliendelea kumwita Floribert.

"Mupatane leo hii," alisema. "Ama mutalala kasho ya polisi bote mbili."

Adolphine akashika kiuno. "Basi tupatane. Kila kintu chenye kinavuka mupaka, ni ya ule mwenye kimevukia. Avoka, tawi, muzizi, kuku. Kila kintu."

"Kila kintu," alijibu Agathe.

Wakaleta kasiksi, pombe ya ndizi, kibuyu kimoja na mrija mmoja, maana mapatano makavu hayashiki. Agathe alilelewa Kabare, na mtu wa Kabare hanywi kabla ya wazee walio chini. Akamwaga kidogo shinani mwa mti. Adolphine naye akamwaga. Udongo ulikunywa upesi, ukatoa sauti ndogo, kama koo la mtu mwenye kiu. Watu walikuwa wakicheka, hakuna aliyejali.

Baada ya avoka lile yakafuata mengine. Jioni, Adolphine akiwasha makaa, alisikia kicheko cha mtoto kikitoka ndani ya ua, chini, karibu na shina, akaita Nsimire, na Nsimire akaitika kutoka nyumbani. Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ikaingia chumbani, ikakaa kwenye mablanketi. Nsimire akawa anakula nusu ya sahani yake na kuipeleka nusu nje, na sahani inarudi imelambwa, ina matope ukingoni. Padri alikuja akanyunyiza maji ya baraka. Ua ulitulia mpaka alipofika barabarani, kisha matawi yakatikisika na hakukuwa na upepo.

"Usiende tena pale," Adolphine alimnong'oneza binti yake. "Unasikia? Usiende."

"Iko na baridi, mama. Iko naniita."

Siku mvua kubwa ilipoteremka kutoka milimani, Adolphine alikimbia kuanua nguo, na aliporudi mlango ulikuwa wazi. Nsimire alikuwa ameingia katikati ya ua, ameketi ameegemea shina, macho yamefunguka bila kuona. Adolphine alimshika mikono akavuta. Mtoto hakusogea. Alivuta tena huku akilia, Agathe akaruka kutoka upande wake akamsaidia, wanawake wawili wenye nguvu za kubeba magunia, na mtoto yule aliyekuwa mwepesi wa kubebwa mgongoni siku nzima alikuwa mzito kama jiwe la msingi. Hapo ndipo Adolphine alipoinama na kuona: mikono miwili midogo, yenye matope, imetoka nyuma ya shina na kumkumbatia Nsimire kiunoni.

"Ita Domitille," alisema. "Kimbia, maman Agathe. Kimbia!"

Domitille alikuwa mfumu, mganga wa Cimpunda ya juu. Jumapili aliimba kwaya, siku nyingine aliagua, na padri alijifanya hajui. Alifika amelowa, akanusa hewa, akachuchumaa.

"Siku mulikunywa mapatano, mulimumwangia nani?"

"Bazee," alisema Agathe.

"Bazee gani? Chini ya huu muti haiko muzee."

Agathe akatazama shina. "Wakati tulirudia kutoka kukimbia vita ya mamluki, nilikuta udongo umepanda hapa kama kaburi. Kadogo. Kafupi. Sikuuliza ni mutoto ya nani. Nilipanda avoka juu yake ili mutu asichimbe." Akajifunika uso kwa kitenge. "Nilifikiri itamufunika."

"Na mukamunywesha," alisema Domitille. "Mwenye kunywa mapatano iko ndani ya mapatano. Ule binti amevuka kwake. Ni wake sasa."

"Tukate muti!" alilia Adolphine.

"Ukate, ataenda naye. Naweza kumufukuza na dawa, ataenda naye vile vile. Ni weye ulisema kila kintu."

Giza lilikuwa linaingia, midomo ya Nsimire ilikuwa imegeuka rangi, na kifua chake kilipanda kidogo, kikashuka, kikakawia, kikapanda tena kwa shida, na Adolphine, akiwa amepiga magoti kwenye matope, mvua ikimpiga mgongoni, akihisi mkono wa mwanawe ukipoa ndani ya mkono wake na kujua kwamba hana mume karibu wala Mungu wa kumjibu upesi wala neno la kurudisha neno lake, alikumbuka kwamba mapatano yale yana njia mbili, kwamba kinachovuka kwenda huweza kuvuka kuja.

Aliacha kuvuta. Akatazama ile mikono ya matope.

"Mwanangu," alisema polepole. "Uko na baridi. Huku kuna moto. Sombe iko kwa jiko. Vuka, kuja kwa mama."

"Nyamaza!" Domitille alimkamata bega. "Unajua uko naita nini?"

"Vuka, mwanangu. Kuja na dada yako."

Mikono ikalegea. Nsimire akavuta pumzi ndefu, akaanguka kifuani mwa mama yake, mwepesi, akilia kama mtoto yeyote. Adolphine alimbeba akakimbia hadi jikoni. Alipogeuka mlangoni, nyayo zake zilionekana kwenye matope, na kando yake, zikimfuata, nyayo ndogo. Domitille alikusanya dawa zake bila kudai chochote, akaondoka bila kuaga.

Modeste alirudi kutoka Kamituga wakati wa kiangazi. Alimkuta mke wake amekonda, anasalimiana na mama Agathe kwa sauti ya chini kama watu waliozika pamoja. Nsimire alikuwa mzima, mnene, ana meno mapya. Modeste alifurahi akafungua mfuko wake, akatoa gauni jekundu la lesi.

"Kuja ujaribu, kipenzi ya papa!"

Nsimire akalivaa, akazunguka. Modeste alipiga makofi. Adolphine hakupiga. Alikuwa ametazama ndani ya mfuko.

"Umeleta moja tu?"

"Ee, moja." Modeste alicheka. "Kwani tuko na batoto bangapi?"

Adolphine alimziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Harufu ya udongo ikajaa chumbani. Kwenye kona, karibu na sahani ya pili ambayo Modeste alikuwa bado hajauliza ni ya nani, kilio kikaanza, kidogo, cha mtoto aliyesahauliwa.

Nsimire hakuogopa. Alikuwa amezoea. Alivua gauni upesi, akalinyoosha kuelekea konani, akasema kwa upole, "Usilie. Anza weye."

Akaliachia. Gauni halikuanguka. Modeste aliona mikono miwili mifupi ya gauni ikijaa.