Ukuta wa Manjano

Kabati la chuma lilikuwa wazi, ufunguo ungali umening'inia mlangoni pake, na pasipoti sita hazimo. Wakala wa viza alikuwa ameketi sakafuni katikati ya ofisi yake, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Nimekwisha, Inspekta. Nimekwisha mimi!"

"Hujaisha. Inuka, mama, ukae kitini, unieleze."

Kituoni walimwita Inspekta huyu Mama Kwa-Nini, naye hakuudhika. Kwake wizi wowote ulikuwa na swali moja la maana. Ukishajua kwa nini, nani na vipi hufuata vyenyewe, uzi nyuma ya sindano.

"Ulitoka humu saa ngapi?"

"Mchana, kupokea simu pale nje. Humu ndani husikii kitu. Niliporudi nilikaa na mteja, halafu nikataka kupanga pasipoti za kupeleka ubalozini. Ndipo nikaona kabati liko hivi."

"Ufunguo ukauacha."

"Nimeuacha miaka yote! Hapa tunajuana."

"Ndivyo wanavyosema wote walioibiwa," alisema Inspekta. "Hao sita wanaomba viza gani?"

"Ile ya vijana, ya kusafiri na kufanya kazi. Viza ya kazi ya kawaida inataka mwajiri wa huko akudhamini. Ya masomo inataka chuo na ada. Hii haitaki mwajiri. Inataka afya yako na umri wako. Ukitimiza thelathini na moja kabla hawajapokea maombi, basi tena. Hakuna cha samahani."

"Kuna aliye karibu na umri huo?"

Wakala alielekeza kidole mlangoni. Binti mmoja alikuwa amesimama pale na ovaroli la kuchomelea vyuma, miwani ya kazi imepanda kichwani, anahema.

"Kesho," alisema binti. "Ni mimi. Ubalozi unafunga saa kumi. Inspekta, wenzangu wataomba hata mwezi ujao. Mimi nina leo tu."

Sajini aliinama sikioni mwa mkubwa wake. "Afande, ni huyu wakala. Hawa ndio zao. Anazificha, anakwenda kuziuza."

"Auze pasipoti, aue biashara? Mtu hachomi nyumba yake apate majivu. Tazama droo ile. Iko wazi, ina saa ya mkononi na pesa, na hakuna kilichoguswa. Mwizi huyu hakutaka mali, Sajini. Alitaka siku ya leo ipite."

"Na zile tano?"

"Za kutuzuga. Angechukua moja, tungemuuliza nani ana shida na binti huyu."

Aliposema hivyo, alijua tayari njia anayoifuata. Aliipenda kazi hii pale ilipofikia hapo.

Ukuta wa mbao uligawa chumba. Upande wa pili palikuwa na studio ya picha za pasipoti, na mwenye studio ndiye baba wa yule binti. Mtaani walimwita Mzee Usicheke, kwa kuwa hilo ndilo neno alilomwambia kila mteja. Picha ya viza haitaki meno. Sasa alikuwa amekuja kumshika binti yake mabega.

"Nyamaza, mwanangu. La kuvunda halina ubani. Pengine riziki yako iko hapa hapa."

Inspekta akageuza shingo. Saa nane haijafika, msako haujaanza, na mzee ameshaanza kutoa rambirambi. Hebu!

"Mzee wangu, nionyeshe kazi zako za leo."

Picha zilikuwa mezani, zimetoka kwenye mashine. Wateja watatu walikuwa na weupe safi nyuma yao. Wa nne, kijana mwenye shingo ndefu, nyuma yake palikuwa na ukuta wa manjano na msumari juu ya sikio.

"Huyu umempiga lini?"

"Sasa hivi. Kabla tu ya kelele za wakala."

"Picha ya nini?"

"Ya viza."

"Ubalozi unataka nyuma pawe rangi gani?"

"Nyeupe."

"Na hii?"

"Nilikuwa na haraka."

"Fundi wa miaka yote hii, umpe mteja picha itakayorudishwa dirishani? Kitambaa chako cheupe kiko wapi?"

"Nimekifua."

"Asubuhi kilikuwa kazini. Umekianika wapi?"

Macho yalimtoroka mzee, yakaenda kwenye mkoba mrefu wa stendi ya kamera, nyuma ya mlango. Sajini akaufungua. Kitambaa kilikuwa ndani kimeviringishwa, na ndani ya kitambaa pasipoti sita, hakuna hata moja iliyokunjika pembe.

"Mteja aliingia kabla sijaziondoa humu," alisema mzee, akakaa kwenye kiti cha kupigia picha. "Nisingeweza kukikunjua mbele yake. Kesho ningezirudisha zote. Wallahi, zote."

"Kwa nini, mzee?"

"Vijana wa mtaa huu nimewapiga picha wote wakiondoka. Hakuna aliyerudi kukaa kwenye kiti hiki. Mama yake nimemzika. Nimebaki na huyu."

"Angekosa nafasi ambayo asingeipata tena."

"Ningekuwa naye."

Inspekta alimwonea huruma, na hakuificha. Hata hivyo alimwambia asimame, amekamatwa kwa wizi. Sajini akauliza kama vielelezo vipelekwe kituoni.

"Vipige picha hapa hapa, wenyewe watie saini, wachukue. Binti aanze. Na teksi iitwe."

Teksi ikaja, wakala akaingia mbele, akapiga honi kwa mkono wake mwenyewe. Muda ulikuwepo wa kutosha. Binti alikuwa na pasipoti yake kifuani, lakini alirudi hadi kwa baba yake.

"Baba, kwa nini hukuniomba tu nibaki?"

"Ningekuomba, ungebaki?"

Binti alimfuta machozi kwa mkono wa ovaroli.

"Nisingebaki, Baba. Lakini ungekuwa umeniomba."