Saa ya Nakonde

Kengele ya simu ya Ikupa ililia katikati ya msongamano wa mpakani Tunduma, asubuhi, malori yakinguruma. Akatua beseni la vitenge, akamnywesha dawa binti yake Ruti, wa miaka mitano.

"Dada, simu inakuamrisha hivyo, ni mume?" alitania kijana aliyejaa pumba za mpunga shatini.

"Ni ini," Ikupa alijibu akiinamisha macho. "Kipande cha ini langu kimo tumboni mwa huyu. Dawa yake haichelewi."

Kijana hakucheka. Aliitwa Kefa, mvushaji wa mchele wa Kamsamba kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Tangu hapo, kila saa moja jioni, saa ya dawa ya pili, alipiga simu.

"Mama Ruti, tumekunywa?"

"Tumekunywa, mpenzi. Wewe umekula?"

Kisha kipimo kikaonyesha mshipa unaopeleka damu kwenye ini lile umesinyaa. Madaktari wa Dar wangeingiza waya laini wenye puto dogo, waupanue. Wakichelewa, damu ingeganda na ini lingekufa.

"Tunakwenda wote," Kefa aliapa. "Basi la saa kumi na mbili asubuhi."

Saa kumi na mbili ikafika, Kefa hayupo, simu haipatikani. Baba yake Ruti naye alitoweka hivyo hivyo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ikupa alifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akapanda. "Hata peke yetu tutafika, mwanangu."

Foleni ya malori ililikwamisha basi saa nzima kabla ya kufika mji wa Mpemba. Ghafla bodaboda ikapiga honi dirishani. Kefa! Shati amelivaa nje ndani.

"Nililala Nakonde kwenye mzigo! Simu ikashika mtandao na saa ya kule, ikarudi nyuma saa nzima!"

"Mtu wa Tunduma unadanganywa na saa ya Nakonde?"

"Nicheke, ila nifungulie mlango. Na unioe!"

"Mwanamume ndiye huoa, we! Kwanza mshipa upanuke. Ndipo uniulize."

Siku ya tatu, hospitalini Dar, daktari alitoka akitabasamu: damu inapita vizuri. Ruti alilala, mashavu yamejaa rangi. Kefa alitazama saa mpya ya mishale mkononi, isiyojua mtandao wowote, akamimina dawa.

"Saa moja kamili, Mama Ruti."

Ikupa alimshika mkono. "Haya. Niulize sasa."