Maiki ya Loretta

"Dada, unajua kucheza wewe," msichana mmoja alimwambia Loretta nje ya ukumbi. "Ila mbona hawakupi hata wimbo mmoja uimbe?"

Loretta alidhani anataniwa. Alikuwa ametoka kuimba onyesho zima la mchana, koo linamuwaka. Msichana akaapa kwamba alisimama mbele kabisa na hakusikia sauti ya mwanamke.

Loretta alirudi jukwaani akaufuata waya wa maiki yake. Ulipita nyuma ya maspika ya mchumba wake Dwight, mpiga gitaa, yaliyopangwa mpaka karibu na dari, ukaishia sakafuni. Haukuchomekwa popote. San Francisco nzima mwaka ule wa 1968 hakukuwa na bendi yenye kelele kama yao, na kwenye kelele ile hata mwimbaji hajisikii mwenyewe.

Akambana Gus, mpiga ngoma.

"Tangu lini?"

"Tangu Machi. Watu wa kampuni ya rekodi wanataka gitaa tu, zito, kama chuma kinapondwa. Muziki wenyewe hata jina hauna bado. Dwight alisema utachoka, utajitoa mwenyewe."

Tangu Machi! Na mwanamume huyo huyo, kila baada ya onyesho, alimchemshia asali na limau, akimbembeleza: pole mpenzi, leo umewamaliza. Harusi yao ilikuwa Jumamosi, pale Golden Gate Park. Jamani, kuna watu hawana haya hata chembe.

Alimpigia simu nyumbani, mtaa wa Haight. Dwight hakukana.

"Ningekuambia tukishaoana," alisema. "Sauti yako nzuri, mpenzi, ila inatulainishia muziki."

"Na asali ilikuwa ya nini?"

"Si ulikuwa unaumia kweli?"

Loretta alikata simu. Hasira ilimpanda, akalia kwa hasira hiyo hiyo.

Ijumaa alipanda jukwaani kama kawaida. Watu wa rekodi walikuwa wamekaa mbele, vidole masikioni, wanacheka kwa furaha. Safari hii alichomeka waya wake mwenyewe, akasubiri Dwight afumbe macho na kuzama kwenye gitaa lake kama alivyozoea. Kisha akaenda nyuma ya maspika akachomoa waya wa gitaa.

Gus aliona, akaweka vijiti chini. Mpiga besi naye akaacha. Dwight hakujua lolote. Miezi ya kelele ilikuwa imemwachia mvumo masikioni, mchana na usiku, na jukwaani hakusikia kingine chochote, kwa hiyo vidole vyake viliendelea kukimbia kwenye nyuzi.

"Naitwa Loretta," alisema kwenye maiki. "Mimi ndiye mwimbaji wa bendi hii. Kesho nilikuwa naolewa na huyu hapa. Siolewi."

Alivua pete, akaiweka juu ya spika, akashuka akaondoka.

Ukumbi mzima ulimsikia, mpaka wauza soda mlangoni. Dwight peke yake alikuwa bado anapiga gitaa, macho kayafumba.