Kikombe chenye Chumvi

Jiwe jipya la kaunta lilikuwa baridi kote, isipokuwa pale konani. Wubalem alipopitisha kiganja asubuhi, palimchoma kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Akajiambia ni joto la friji ndogo iliyo chini yake, akaendelea kuning'iniza glasi. Mtu na kipya chake, udhuru haukosi.

Na alikipenda hicho kipya, jamani! Mwaka mzima alikichora kwenye daftari la Meklit, bintiye wa miaka saba: hapa mashine ya kahawa, hapa bomba la maji ya kunywa, hapa juisi na soda za wageni. Pahali pa vinywaji jikoni, kama majumba ya matajiri wa Bole. Kikwazo kilikuwa kona moja tu. Ndipo alipokaa mama mkwe wake, Emama Tiruwerk, kila alasiri na jiko lake la makaa, akikaanga buni na kumimina raundi tatu. Raundi ya tatu, ile ya baraka, lazima ajaze kikombe kimoja cha ziada, akitie chumvi badala ya sukari, akiweke chini kando ya ukuta pasipo na mtu. Wubalem aliona ni mambo ya uzee. Bibi aliposafiri kwenda Gondar kumzika dada yake, akamwita fundi Zerihun na kona ikazibwa.

Bibi alirudi Jumamosi. Alipofika mlango wa jikoni akasimama, shuka yake nyeupe ikamteleza begani asiiokote.

"Mwanangu, umeweka nini hapo?"

"Pa vinywaji, Emama! Moshi basi tena. Unabonyeza tu, kahawa hiyo."

"Na yeye atanywea wapi?"

"Yeye nani?"

Bibi akashusha sauti. "Usiniulize jina lake humu ndani. Miaka arobaini namnywesha hapo ili asininywe mimi. Mtoto yuko wapi?"

Meklit alikuwa bombani, na glasi ya tano. Tangu Alhamisi alikuwa akinywa hivyo, na mama yake alijisifu kwa majirani kwamba bomba jipya limempendeza mtoto.

"Inatosha, Meklit," Wubalem akasema.

"Nina kiu."

"Tumbo litapasuka!"

"Si mimi," mtoto akanong'ona, midomo imempasuka kwa ukavu. "Yeye ndiye mwenye kiu."

Wubalem akaivuta ile glasi, lakini vidole vidogo viliishika kwa nguvu asizozijua, na papo hapo harufu ya buni inayokaangwa ikajaa jikoni ingawa hapakuwa na moto popote, ikaingia puani na kooni na kwenye nguo, huku mtoto akinywa ya sita, akinywa ya saba, macho yakimwangalia mama yake kama anayeomba atolewe ndani ya kitu, na mama hakujua hicho kitu kinashikwa wapi.

Zerihun akaitwa, akaja na nyundo yake.

"Dada, jiwe hili halina hata wiki tatu!"

"Vunja!"

Akavunja. Sakafu iliyokuwa chini ilikuwa ya moto. Bibi akawasha makaa, akakaanga, akamimina ya kwanza, ya pili, na ya baraka. Akatia chumvi, akapiga magoti. "Bwana wangu, kiti chako hiki hapa. Rudi. Mkwe wangu hakujua." Wubalem, aliyepanga jikoni pale inchi kwa inchi, sasa hakuwa na la kupanga; alimkumbatia mwanawe tu na kulia.

Harufu ikaondoka. Meklit akaisukuma glasi. "Sitaki tena."

Wubalem alicheka na kulia kwa pamoja. Hata Zerihun alipata mdomo: "Haya, na mashine hii ya kahawa nani ataichukua?"

Bibi hakucheka. Aliweka kiganja sakafuni, akakiacha hapo.

"Pamepoa," akasema.

"Si ndiyo vizuri, Emama?"

"Miaka arobaini hapajapoa hata siku moja."

Meklit akajitoa mikononi mwa mama yake, akaenda kukaa kwenye kigoda cha bibi. Akakiokota kile kikombe cha ukutani kwa mikono miwili, akaonja, akakunja uso.

"Tiruwerk," akamwita bibi yake kwa jina tupu, "chumvi haijakolea."