Jina Kabla ya Kizibo

Wewe unayesoma hapa, siku damu yako ikiingia kwenye kichupa, nani analitamka jina lako kabla kizibo hakijafunguliwa?

Kwenye maabara moja ya binafsi pale Bagara alikuwepo mzee Elimringi. Miaka kumi na tisa aliandaa damu kwa mkono ili ipimwe kiwango cha dawa, na hakufungua kichupa bila kuita jina na kuitika kwa niaba ya mgonjwa: "Yupo." Vijana walimcheka. Kisha bosi Wilbert akaleta mashine ya kunyonya na kuchanganya damu bila mkono wa mtu, ati tuko digital. Mzee akapewa cheti na kreti ya soda. Miezi miwili baadaye akazikwa Nangara.

Xaveria, msaidizi wake, na digrii yake akabaki kibarua wa kupanga vichupa, kama muuza duka. Asubuhi iliyofuata mazishi alisikia harufu ya tangawizi, chai ya mzee. Hakuna aliyekuwa na chai.

Jumanne, kichupa kimoja kilikuwa cha mwanawe Brightness, anayetumia dawa za kifafa. Mkono wa mashine ukashusha sindano kwenye kichupa chenye jina la mtoto, na ndani ya mngurumo ule sauti aliyoijua ikanong'ona, "Filbert," ikajijibu, "Yupo", mkono ukahamia kichupa cha pembeni, kilichoandikwa Filbert, tangawizi ikamjaa puani hadi machozi yakamlenga, sauti ikaita, "Brightness," na safari hii aliyeitikia hakuwa mzee bali mtoto, mwanawe mwenyewe, aliyekuwa darasani Bonga saa ileile: "Nipo, mama."

Akazima mashine. Akamfuata Brightness shuleni, akamtoa damu upya, akaiandaa kwa mkono. Majibu yakalingana na ya kichupa kilichoandikwa Filbert: kweli, vibandiko vilikuwa vimebadilishana. Filbert hakuwa na chembe ya dawa mwilini. Majibu yake yangesomwa kuwa ya Brightness, na daktari angemwongezea dozi juu ya dozi mpaka imuue.

Bosi alimsikiliza huku akichezea simu. "Machine haikosei, dada. Wateja wakisikia kuna jini hapa, tumekwisha."

Akaleta mganga. Ubani, maji, kondoo mweusi nyuma ya jengo. Tangawizi ikatoweka.

Sasa mashine inafanya kazi kimya. Xaveria huyaita majina mwenyewe, kwa kunong'ona, lakini vichupa ni mia mbili kwa siku na mashine haimsubiri. Wala hakuna anayeitika.

Basi wewe Wilbert, nanyi wenye mihuri mliosaini kwamba mashine inatosha: jini mmeshamtoa. Rudisheni mtu. Tena kabla ya Ijumaa. Ijumaa Brightness anapimwa tena.