Subana ya Fundi Usumani

Mimi nauza nyuzi, zipu na vifungo hapa Biryogo, mtaa wa Kigali, na ukuta mmoja wa duka langu ndio ukuta wa fundi Usumani. Kwa miaka tisa nimeisikia cherehani yake kuliko nilivyosikia redio yangu mwenyewe. Kwa hiyo anayesema nimetunga haya, eti kwa sababu mimi Praxeda ni mtu wa Bukoba na watu wa Bukoba wana maneno mengi, aje kwanza aninunulie uzi ndipo tubishane.

Wikendi ya Umuganura, sikukuu ya mavuno ya mwanzoni mwa Agosti, Kigali nzima ilikuwa likizo. Usumani akanialika Gisenyi, tukapumzike ufukweni mwa Ziwa Kivu. Tulikuwa wanne: yeye, binti yake wa pekee Yasmina, shemeji yake Ilyasi, na mimi mbeba chapati. Mama yake Yasmina, dada wa Ilyasi, alifariki zamani. Yasmina alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na baba yake alikuwa na furaha isiyofichika.

Ilyasi hununua vyuma chakavu, basi akaja na mashine yake ya kutafutia vyuma ardhini: fimbo ndefu yenye sahani chini, ambayo hulia ikipita juu ya chuma. Usumani akamnyang'anya. Asubuhi nzima mtu mzima yule alizunguka mchangani, miwani puani, suruali imekunjwa magotini. Mashine ikilia anachimba. Akapata vizibo vya bia, kijiko na ufunguo uliovunjika.

"Sasa bado nyumba ya huo ufunguo, shemeji," Ilyasi akamtania.

Karibu na saa sita mashine ililia na haikunyamaza. Usumani akachimba mpaka mkono ukazama kiwikoni. Akatoa subana ya shaba, kile kikofia ambacho mafundi huvaa kidoleni ili sindano isiwachome. Haikuwa na kutu hata chembe. Mtu mwingine angeitia mfukoni, lakini fundi akiona subana, kidole hutangulia na akili hufuata. Aliipangusa kwa shati, akaivaa kidole cha kati.

"Imenikaa, utadhani nilipimwa," akasema.

Njiani kurudi Kigali alijaribu kuivua, ikakataa. Akasema ni joto.

Jumatatu asubuhi mteja mmoja, Cyusa, alirudisha shati lake huku amenuna. Mikono ilikuwa imeshonwa ikafungwa mwishoni, na kola imezibwa kama mdomo wa gunia.

"Fundi, hii kichwa iko inapita wapi?"

Nilicheka hadi machozi. Usumani hakucheka. Kufikia jioni nguo nyingine tatu zilikuwa hazina pa kuingilia. Aliapa kwamba alizishona vizuri, kwamba mkono ulimponyoka mwishoni tu. Jumanne alipaka sabuni, akapaka mafuta ya kupikia, kisha akaenda kwa fundi chuma kule Gisozi. Meno ya msumeno yalisagika na subana haikupata hata mkwaruzo.

Jumatano ningeweza kumzuia. Hilo linaniuma mpaka leo. Gauni la harusi lilikwisha kushonwa kabla ya safari, lilibaki pindo la chini. Nilimwambia ampe fundi mwingine.

"Oya, hapana, dada Praxeda. Niliahidi mama yake akiwa kitandani. Na pindo haina shingo ya kufunga."

Yasmina akalivaa, akapanda juu ya kigoda. Baba yake akapiga magoti na sindano. Mimi nilikuwa mlangoni nikitazama lile gauni jeupe, nikimwonea wivu kidogo.

"Papa, iko inanibana miguu."

Usumani aliendelea kushona. Mkono ulikuwa unakwenda mbio. Ulikuwa umeshona upande wa mbele na wa nyuma pamoja. Ukapanda magotini. Ukapanda kiunoni. Mikono ya Yasmina ikashikamana na mbavu.

"Papa, acha!"

"Siwezi," akanong'ona. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Mwanangu, siwezi."

Mkono ulifika shingoni. Ukavuta kitambaa juu ya kidevu. Juu ya mdomo. Nilichukua mkasi mezani, nikakata. Nilikata popote. Yasmina alianguka sakafuni akihema, na alama za kitambaa zimebaki shavuni.

Alhamisi Ilyasi akaja na mashine yake, tujue ile subana ni chuma gani. Aliipitisha juu ya kidole cha Usumani. Kimya. Akaipitisha tena. Kimya. Alipogeuka kuizima, Yasmina alikuwa anaingia na chai, na mashine ikapiga kelele. Alivua hereni, saa, vibanio vya nywele. Iliendelea kulia juu yake, kama ilivyolia kule mchangani.

"Kata kidole," Usumani akamwambia Ilyasi.

Ilyasi akashika patasi na nyundo. Aliigusisha tu patasi kwenye ngozi ya shemeji yake, na Yasmina akapiga yowe. Alikuwa ameshika kidole chake cha kati. Kilikuwa kinatoka damu.

Hapo sote tulielewa. Alisema Usumani mwenyewe, taratibu.

"Inataka kufungia mtu ndani ya nguo. Na iko imechagua mtoto."

Ijumaa alikuja dukani kwangu mapema, akachukua nyuzi nyeupe tatu.

"Yasmina avae gauni ya kukodi," akasema. "Asivae kitu imepita mkononi mwangu. Niahidi, dada."

Nilimwahidi. Nilidhani anaogopa tu. Akaingia kwake, nikasikia komeo, kisha cherehani. Ililia asubuhi nzima bila kupumua. Ilinyamaza adhana ya Ijumaa ilipoanza, na Usumani hakutoka kwenda msikitini. Mimi, Yasmina na Ilyasi tuligonga. Tuliita. Ilyasi akauvunja mlango.

Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Dirisha moja, na nondo zake zote. Usumani hakuwemo. Juu ya meza kulikuwa na mfuko wa kitambaa cheupe, mrefu kama mtu mzima, umelala bapa kama shuka. Haukuwa na mdomo. Niliupapasa kutafuta fundo la mwisho. Anayeshona mto lazima afunge fundo la mwisho kwa nje, kwa kuwa mkono wake uko nje. Hili nililigusa kupitia kitambaa. Lilikuwa ndani.

Yasmina alichukua mkasi kabla hatujamshika, akakata tundu dogo, upana wa ukucha.

"Papa," akanong'ona. "Toka."

Tukangoja. Kitambaa kile ni chepesi, mwanga wa mchana unapita, lakini ndani ya tundu kulikuwa kweusi.

Kisha ncha ya sindano ikachomoza ukingoni. Ikarudi ndani. Ikachomoza tena. Mishono midogo, iliyobanana, mkono ninaoujua kwa miaka tisa. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Yasmina alikuwa analia bila sauti. Wa nne ukavutwa kidogo ili ukaze, kama kila fundi anavyofanya akimaliza, na sote watatu tukasikia meno yakikata uzi.

Jumamosi Yasmina aliolewa, katika gauni la kukodi. Mfuko anao yeye, kabatini. Hajaukata tena, wala mimi sijamshauri. Niliuona mwezi uliopita: tundu limezibwa, mishono minne, hakuna ncha ya uzi upande wa nje.